Vizuizi Kwanza, Watu Baadaye

Harufu ilinifikia kabla sijajua mtoto anafanya nini. Mjukuu wangu Mutuma alikuwa amekaa mezani, kule Makutano kwa binti yangu, akichonga vijiti vya mishikaki kwa kisu cha jikoni. Ni harufu ndogo, kavu, yenye utamu wa mbali kama muwa uliokatwa jana. Ninyi wa rika langu mliolelewa upande wetu wa mlima mnaijua. Ni mwanzi. Hata ukikaushwa, ukafungwa kwenye nailoni na kuuzwa dukani, ukiuchonga upya mwanzi hutoa harufu ile ile.

Wiki hiyo nilikuwa nimetoka kumzika ndugu yangu Mwiti, na miguu ilikuwa bado imevimba kwa kusimama. Nilijilaza kwenye kochi nikamwacha mtoto achonge. Meza ya kulia chakula yeye na rafiki yake walikuwa wameifunika kwa kitambaa cha kijani. Juu yake walipanga vilima vya sponji, kuta za kadibodi na mto wa karatasi ya buluu. Askari walikuwa kando, ndani ya kisanduku, watu wa plastiki wa urefu wa kidole, kila mmoja amepakwa rangi hadi vifungo vya shati. Vijiti vile vilikuwa vya ua. Na watoto walikuwa wakibishana: nani aweke kizuizi cha mwisho, nani achague upande, nani aanze kuteremsha askari. Yule rafiki alishikilia kwamba kuna utaratibu, na usipofuatwa mchezo unakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Utaratibu huo niliujua kabla mama yake Mutuma hajazaliwa.

Baba ndiye aliyenifundisha, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya jiko letu, chini ya migomba, tulipokuwa bado tunaishi kwetu juu ya mto Thuci. Ulikuwa mchezo wa wavulana wachungaji. Mimi nilikuwa msichana, lakini nilikuwa mtoto wake wa kwanza, na Mwiti wakati huo alikuwa bado anakula udongo badala ya kuufinyanga. Kwa hiyo nikafundishwa mimi. Tulifagia mahali, tukanyunyiza majivu, tukalainisha kwa kiganja hadi pakawa kama ngozi. Ng'ombe walikuwa yale matunda ya manjano ya mtunguja. Watu walikuwa wa udongo wa mtoni, wenye vichwa vya duara na bila mikono, wamechomwa kwenye majivu ya jiko ili wasivunjike. Ulishinda ukivusha ng'ombe wako hadi upande wa mwenzako bila watu wako kuangushwa wote. Kuangusha kulifanywa kwa kufyatua kwa kidole punje ya njahi, lile haragwe jeusi.

Hayo yote yalikuja baadaye. Kwanza yalikuja mambo ambayo mtoto hayapendi, maana mtoto anataka kuanza. Kwanza vizuizi. Ninaweka jiwe, hicho ni kilima. Wewe unachora mto kwa kidole. Ninaweka miiba, huo ni msitu. Tunapokezana hadi mmoja aseme imetosha. Na yule aliyeweka kizuizi cha mwisho hachagui upande. Mwenzake anainuka, anauzunguka uwanja wote taratibu, anachungulia kutoka kila pembe, kisha anasema, mimi nitakaa hapa. Ndipo watu wanapotolewa mkononi na kuwekwa chini, mmoja mmoja.

Nilimuuliza baba kwa nini. Nilitaka kuweka mto mahali pabaya kabisa na kumwachia yeye auvuke. Akasema ndiyo sababu. Ukijua kwamba huenda ni wewe utakayeuvuka, utauchora mto mwembamba.

Hilo ndilo nililobaki nalo kutoka kwake. Watu wengine waliachiwa mashamba. Baba alipandishwa kwenye lori la askari asubuhi moja pamoja na wanaume wengine wa ukingo wetu, mikono ikiwa kichwani, na hatukumwona tena. Baadaye ikaja habari kwamba alifia kwa kuhara katika kambi walikofungwa. Mama alinyoa nywele, akatunyoa na sisi, akaendelea kupalilia.

Kisha wakatuhamisha. Ninyi mnaojua Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akipigana na watu wetu wa msituni, hamhitaji kuelezwa sana, na wasiojua sidhani kama wataelewa hata nikieleza. Tuliambiwa tubebe tunachoweza. Nyumba zilichomwa tukiwa bado tunazitazama, na tukapelekwa kwenye mgongo wa kilima ambapo hapakuwa na kitu, hata mti. Nyasi tu na upepo. Tulilala nje, juu ya ngozi na magunia, hadi wanawake walipokata miti na kuezeka vibanda vilivyobanana hivi kwamba mwenye kukohoa upande huu aliambiwa pole upande ule. Baada ya vibanda ndipo ikaja amri ya handaki. Lingechimbwa kukizunguka kijiji chote, refu kwenda chini kumpita mtu mzima, na ndani yake vingepandwa vigingi vya mianzi vilivyochongwa. Njia ya kutoka ingekuwa moja, daraja la magogo, na hapo wangesimama homgadi, askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali.

Kila nyumba ilitoa mchimbaji mmoja na kupimiwa kipande chake kwa kamba. Mama alichimba chetu. Alitoka alfajiri filimbi ikilia, akarudi mchana na kuruhusiwa saa chache za kukimbilia shambani kutafuta chochote cha kuchemsha, viazi vikuu au majani ya kunde. Alikuwa akila mwisho, na mwisho mara nyingi hapakuwa na kitu. Mvua ilipoanza watu wengi walishikwa na homa pale kijijini, na mama alikuwa mmoja wao. Hakuugua muda mrefu. Mtu aliyechoka namna ile haugui muda mrefu.

Tulibaki watatu: mimi, Mwiti, na Kagendo ambaye alikuwa bado hajui kufunga kamba ya nguo yake.

Mkubwa wa homgadi aliitwa Njagi. Alikuwa wa rika moja na baba, walitahiriwa pamoja, na kwetu mtu wa rika la baba yako unamwita baba. Kwa hiyo nilimwita baba yule aliyekuwa na bunduki langoni, na yeye aliitika. Alikuja siku chache baada ya maziko, akasimama nje ya kibanda bila kuinama kuingia, akasema nyumba isiyo na mchimbaji haihesabiwi kuwa nyumba. Ingevunjwa, na sisi tungepelekwa mahali. Sikumuuliza mahali gani. Nilimwambia mchimbaji yupo. Akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu mwingine ndani. Kisha akanitazama mimi.

"Jembe la mama yako linakushinda urefu," akasema.

"Nitalikata mpini, baba."

Alikwenda zake. Kesho yake filimbi ilipolia nilitoka. Nilikuwa nimefika darasa la tatu katika shule ya nyasi waliyoiruhusu pale kijijini. Kibao changu cha kuandikia nilimwachia Mwiti, na mchana Kagendo alikaa mlangoni mwa jirani, amefungwa kamba kiunoni kama mbuzi ili asitangetange kuelekea shimoni.

Sasa nieleze kosa langu la akili, kwa sababu ndilo lililonibeba miezi ile, na bila hilo sijui kama ningeweza. Niliamini wakubwa wanacheza kwa utaratibu ule ule. Serikali ilikuwa inaweka vizuizi. Handaki lilikuwa kizuizi cha mwisho, kila mtu alisema hivyo, kwamba likiisha hakuna kingine kitakachojengwa. Na aliyeweka kizuizi cha mwisho hachagui upande. Kwa hiyo siku handaki likiisha tutaulizwa sisi. Tutalizunguka, tutachungulia kutoka kila pembe, na kila nyumba itasema inataka kukaa wapi. Mimi nilishajua nitasema nini. Tungekaa nje. Kutoka kwenye kipande changu niliweza kuona ng'ambo ya bonde migomba yetu ikiwa imejaa magugu, na jiwe jeusi la jikoni lililobaki baada ya moto.

Kwa hiyo nilichimba kwa haraka.

Aliyechimba kando yangu alikuwa Mama Gatwiri, mwanamke mpana mwenye ulimi, ambaye mumewe alichukuliwa na lori lile lile. Wanawake pale walikuwa na mwendo wao. Walilinyanyua jembe kama linavyonyanyuliwa na mtu mwenye nguvu, na kulishusha kama linavyoshushwa na mtu aliyelala. Kwa mbali ilionekana kazi. Mimi sikuwa na habari hiyo. Nilikwangua udongo mwekundu kama kuku, nikajaza karai, nikapanda ngazi ya udongo nikamwaga, nikashuka tena. Siku ya kwanza walicheka. Mmoja alisema bila shaka nimeona yai huko chini. Siku zilizofuata hawakucheka. Kipande changu kilipofika kiunoni kabla ya vyao, homgadi alikuja na kamba akawapimia wote upya.

Mama Gatwiri aliegemea jembe lake. "Karimi, unakimbilia wapi?"

Niliendelea kujaza karai.

"Ukimaliza mapema huendi nyumbani. Unaongezewa. Na sisi tunaongezewa kwa ajili yako. Mama yako hakukuambia?"

Mama hakuniambia, kwa sababu mama hakufikiri kwamba nitashika jembe lile. Nilitazama juu nione kama kuna homgadi karibu, kisha nikamwambia. Nilimwambia likiisha tutachagua upande.

"Nani amesema?"

"Baba."

Aliacha kuegemea jembe. Ninakumbuka udongo uliokauka kwenye kope zake. Baba alikuwa ameshakufa, naye alijua, na mimi sikuona lolote la ajabu katika jibu langu. Nilisema alichonifundisha. Mama Gatwiri sijui alisikia nini. Huenda alidhani kuna ujumbe uliotoka kambini kabla baba hajafa. Siku hizo habari zilipita kwa njia tusizozijua, ndani ya vibuyu, chini ya mizigo ya kuni. Aliinama akaniambia nisimwambie mtu mwingine. Kuanzia siku hiyo hakunikemea tena. Nilipoinua macho nilimwona naye anachimba, kwa kweli, hadi jasho likachora mistari mgongoni.

Nyumbani Mwiti alikuwa ameuanzisha mchezo wa baba upya. Watu wa udongo tulikuwa tumewabeba kwenye sufuria tulipohamishwa, wale waliosalimika. Mwiti hakuweka tena mto wala kilima. Aliweka handaki. Alilichimba kwa kijiko kuuzunguka uwanja, akapanda vijiti vya mianzi alivyookota pale tulipochongea vigingi, na akavichonga kwa meno. Nilipokuwa na nguvu nilicheza naye jioni tukisubiri maji yachemke. Mara nyingi nililala nimeketi na mtu wa udongo mkononi, na yeye akacheza pande zote mbili.

Alikuwa akiniuliza kila siku kama limekwisha. Nilimwambia bado kidogo. Aliuliza kama tukirudi nyumbani ng'ombe watakuwepo. Hatukuwahi kuwa na ng'ombe. Tulikuwa na matunguja. Nikamwambia watakuwepo.

Vigingi ndivyo vilivyokuwa vya mwisho. Mianzi ilishushwa kutoka msituni na wanawake chini ya ulinzi, mizigo mirefu iliyoburuzwa hadi ikachora njia barabarani. Tulikaa kwenye nyasi tukichonga. Kijiji chote kilinuka ule utamu mkavu, ukashinda hata harufu ya vyoo na ya moshi. Nywele za Kagendo zilinuka hivyo. Uji ulinuka hivyo. Mikono yangu ilikuwa na vibanzi ndani, na vingine vilikaa hadi vikatoka vyenyewe nikiwa mkubwa. Tulivishindilia vigingi chini ya handaki, ncha juu, vimesongamana kiasi kwamba hata mbwa asingepata pa kukanyaga. Kisha asubuhi moja filimbi ikalia, tukatoka, na homgadi wakatembea wakikagua huku na huku, wakasema imekwisha.

Wanawake walikaa chini pale pale walipokuwa wamesimama. Mimi nilikimbia.

Nilimvalisha Kagendo nguo yake. Nilimbebesha Mwiti jembe. Kichwani nilijitwika sufuria, na ndani ya sufuria mlikuwa na chumvi yetu, kisu, na watu wa udongo wamefungwa kwenye kitambaa cha mama. Tulikwenda hadi daraja la magogo, tukasimama pale mbele, tukasubiri kuulizwa. Nilikuwa nimemwambia Mwiti asiongee, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nitakayesema.

Hakuna aliyekuja. Niligeuka kutazama wengine wako wapi, na nikamwona Mama Gatwiri peke yake. Alikuwa amesimama mbali kidogo, akijifanya anafunga kamba ya kuni, lakini hakuwa na kuni. Alikuwa na kiondo mgongoni, na mdomo wa sufuria ulichungulia kutoka ndani yake.

Homgadi vijana wawili waliokuwa langoni walituuliza tunaenda wapi. Nikasema tumekuja kuchagua upande. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba msichana anachagua, basi na ajichagulie na mume kabisa, afunge kazi. Walicheka sana, vicheko vya watu waliochoshwa na kusimama. Njagi alitoka kwenye kivuli cha mnara wa ulinzi kuona kuna nini.

"Upande gani?" akaniuliza.

"Handaki limekwisha, baba. Ninyi ndio mlioweka. Sisi ndio tunaochagua."

Vijana wale walikuwa bado wanacheka. Njagi hakucheka. Alichuchumaa, bunduki ikalala mapajani, uso wake ukawa sawa na wangu. Aliuliza ni nani aliyenifundisha, ingawa nadhani alishajua.

"Baba."

"Mimi na baba yako tulifundishwa siku moja," akasema. Alisema pia kwamba baba alikuwa mwizi mkubwa wa ng'ombe wa mtunguja, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ana meno. Kisha meno yakapotea. "Sasa niambie. Kwenye mchezo, watu wanawekwa chini lini?"

"Baada ya vizuizi."

"Wote?"

"Wote. Wanakaa mkononi hadi vizuizi viishe."

"Na hapa?"

Nilifungua mdomo kujibu. Ndipo nikakiona kile kilima kilivyokuwa siku ile tulipoletwa, nyasi tu na upepo, na sisi juu yake tukiwa tumekaa juu ya magunia, kabla ya kibanda, kabla ya mnara, kabla ya mtu yeyote kupiga jembe la kwanza. Sufuria ikawa nzito kichwani. Shingo ilianza kuniuma.

"Hapa tuliwekwa kwanza," nikasema.

"Basi," akasema Njagi.

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayekubaliana nawe kwamba mvua inanyesha. Nafikiri nilielewa pale, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba ukishawekwa chini kabla ya vizuizi huna upande. Unazungushiwa tu. Na kwamba mikono yangu mwenyewe ndiyo iliyozungusha, na kwa haraka kuliko ya wengine wote.

Nilidhani ameshamaliza, lakini hakuinuka. Aliwaambia wale vijana wakaangalie upande wa pili wa mnara. Walipoondoka alizungumza nami kwa sauti ya chini. Alisema ameamriwa, sasa handaki limekwisha, nyumba zote zisizo na mtu mzima zivunjwe, nafasi ipewe wengine. Mjomba wetu wa Embu, kaka wa mama, alikuwa amekubali kumchukua mvulana. Kagendo angepelekwa kwa wamisheni waliokusanya watoto. Kwangu mimi palikuwa na nyumba ya mtu iliyotaka msichana wa kulea watoto.

"Mtakuwa nje, wote watatu," akasema. "Kila mmoja mahali pake. Hakuna handaki huko. Au mrudi ndani. Mvua itabomoa kingo hizi kila mwaka na mianzi itaoza, kwa hiyo kazi ya jembe haitaisha. Ukilishika wewe, nitasema nyumba ile ina mtu mzima. Zaidi ya hapo sina." Alisafisha koo. "Ulikuja kuchagua. Chagua."

Nilitazama ng'ambo. Jua lilikuwa limepiga ile migomba na ilionekana karibu sana, kana kwamba ningenyoosha mkono nikashika jani. Mwiti aliyekatazwa kuongea alinivuta nguo. Kagendo alikuwa amekaa chini na kuanza kuchezea magogo ya daraja, akiimba wimbo wake usio na maneno.

"Ndani," nikasema.

Njagi aliinuka, magoti yakalia. Hakunishika kichwa wala hakusema nimefanya vizuri. Alirudi kwenye kivuli chake.

Tulipopita, Mama Gatwiri alikuwa bado pale na ile kamba. Alikuwa amesikia ya kutosha. Sikuweza kumtazama. Aliteremsha kiondo kutoka mgongoni, akatoa sufuria yake akaikunguta kwa kiganja kama inayotoka kuoshwa, akatembea nasi. Alimbeba Kagendo hadi mlangoni kwetu.

"Kesho," akasema, "utachimba kwa mwendo wetu."

Nikachimba kwa mwendo wao. Niliujifunza: kunyanyua kwa nguvu, kushusha kwa usingizi. Njagi alisema kweli. Kila mvua kingo zilimeguka, kila msimu mianzi ililainika na kuota uyoga, na tukaing'oa na kuchonga mingine. Shule sikurudi. Mwiti alikwenda na kile kibao, jioni akanionyesha alichoandika, na mimi nikakisoma hadi aliponipita. Baadaye alikuwa mwalimu, na Kagendo alikuwa muuguzi kule Embu, na watu wameniambia mara nyingi kwamba niwe na furaha. Nina furaha. Lakini ni furaha ya mtu aliyeteremsha mzigo. Kwanza shingo haiamini.

Baada ya siku ile Mwiti alikuwa na tabia moja katika mchezo. Wakati wa kuweka watu ulipofika, alichagua watatu na kuwaweka mahali pamoja, wamegusana, katikati ya uwanja. Si namna nzuri ya kupanga. Punje moja ya njahi ikipiga vizuri inawaangusha wote. Watoto wa majirani walimwambia, wakamcheka, wakamshinda kila siku. Aliendelea kuwaweka hivyo. Alisema hawa hawaachani. Hakushinda tena, nijuavyo mimi, hata mara moja.

Hali ya Hatari ilipokwisha tuliambiwa tulifukie handaki. Wanawake wale wale, majembe yale yale. Mama Gatwiri alisema ni afadhali tungeuacha ule udongo ulipokuwa tangu mwanzo na kulala miaka yote hiyo. Tuliporudi kwetu tukakuta wapima mashamba wameshapita. Ile migomba ilikuwa ndani ya mipaka ya mtu mwingine, na sisi tulipewa kipande chembamba chini karibu na mto, chenye mawe. Mara hii vizuizi vilikuwa vimetangulia kweli, kama kanuni inavyotaka, na bado hakuna aliyetuuliza. Nilifagia mahali pa jiko. Nilikuwa nimeshachoka kuuliza.

Hayo yote yalinipita pale kwenye kochi wakati Mutuma anamaliza ua wake. Rafiki yake alikuwa ameitwa nyumbani, na mtoto akabaki na meza iliyopangwa na hana wa kucheza naye. Akaniuliza kama ninaweza kujaribu. Alinieleza kanuni taratibu, kwa sauti ya kumwelekeza mzee. Yeye ndiye aliyeweka kizuizi cha mwisho, kwa hiyo upande nichague mimi.

Niliinuka. Niliizunguka meza, nikiishika kwa mkono kwa sababu ya miguu, nikachungulia kutoka kila pembe. Nilichukua muda. Yeye alisubiri bila kuguna, nampa sifa hiyo. Nikachagua upande wa mto. Akaniletea kisanduku, akasema nianze na watatu.

Niliwashika mkononi kwanza. Ni wepesi sana, wale watu wa plastiki. Kisha nikawaweka chini, pamoja, mabega yamegusana, mahali peupe kati ya kilima na ua wa mianzi.

"Shosho, usiwaweke hivyo," Mutuma akasema. "Wakipigwa mara moja wanaanguka wote."

"Najua," nikamwambia. "Cheza."